Maneno Elfu Arobaini

Jumatatu asubuhi steshenari ya Abdiel pale Kaloleni ilijaa watu wa kutoa kopi na kupiga picha za pasipoti. Nice akapenya katikati yao na gauni lake la kitenge cha njano, viatu vimejaa vumbi, flashi mkononi.

"Kaka, naomba unihesabie maneno ya tasnifu. Yakizidi elfu arobaini chuo kinairudisha bila kuisoma."

Abdiel akaifungua, akacheka. "Dada, una maneno tisini."

"Acha utani bwana! Miaka miwili niandike maneno tisini?"

"Hili ni faili kuu. Kazi yake ni kuita mafaili mengine tu. Kila sura iko kwenye faili lake."

Nice akaona aibu, kisha akacheka naye, na foleni nzima ikaanza kuguna. Kijana alikuwa mtanashati, shati limenyooshwa vizuri, na alikuwa na subira, kitu ambacho ni adimu kuliko sura nzuri.

Kwa wiki mbili alimsaidia kupanga majedwali na kurasa. Akamfundisha kwamba mstari ukiwekewa alama ya asilimia mwanzoni, kompyuta inauruka: hauchapwi wala hauhesabiwi, ila unabaki ndani ya faili. Jioni walipigiana simu.

"Umekula, mrembo?"

"Nimekula sura ya nne. Wewe je?"

"Mimi nakusubiri sura ya tano."

Jumatatu ya wiki ya kukabidhi, Abdiel akakusanya mafaili yote kwenye folda na kuyahesabu kwa mpigo. Elfu arobaini na sita, mia nne kumi na mbili.

Nice alilia. Kisha akafuta masimulizi ya wazee wa kijijini kwao, Maji ya Chai, kuhusu chemchemi zao, pamoja na ya bibi yake Aikaeli, aliyefariki mwezi mmoja baada ya kuhojiwa. Kwa uchungu hakuweka alama ya asilimia. Alifuta kabisa, asije akatamani kuyarudisha.

Jumatano msimamizi wake akampigia. "Mbona sura ya tatu imekonda hivi? Una maneno elfu thelathini na tatu tu. Wazee wamekwenda wapi?"

Nice akampigia Abdiel. "Umenifutisha maneno ya bibi yangu! Nilikuamini!"

"Nice, mpenzi, nisikilize..."

"Usiniite mpenzi. Hesabu tu imekushinda!"

Akakata. Abdiel akapiga mara tisa bila kupokelewa. Akafunga steshenari mchana kweupe, akapekua faili moja baada ya jingine. Kosa lilikuwa lake. Kwenye folda kulikuwa na sura ya tatu ya zamani, ambayo faili kuu halikuiita tena. Yeye aliihesabu. Mtu anayejisifu kwa umakini akikosea, huumia mara mbili.

Alhamisi asubuhi alifika kwao Nice, Maji ya Chai, suruali imelowa matope ya mvua.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Yupo barazani, ila hataki mtu."

Nice hakuinua macho. Abdiel akaweka flashi mezani. "Hii ni nakala niliyohifadhi siku ile, kabla hujafuta. Bibi yumo. Wazee wote wamo. Nimehesabu mafaili yanayoitwa tu: elfu thelathini na tisa, mia tisa tisini na tatu. Nisamehe, Nice. Sikuwa makini."

Nice akafungua sura ya tatu, akasoma mstari wa kwanza wa bibi, akafunika uso kwa kanga. Alimkasirikia, na bado alikuwa na hamu naye mno.

"Kuna kingine," Abdiel akasema taratibu. "Kwenye faili la shukrani kuna mstari umeuficha kwa alama ya asilimia."

Nice akashtuka. "Umeusoma?"

"*Na Abdiel, aliyehesabu maneno yangu yote, nami nikahesabu siku za kumwona tena.* Ni maneno kumi na mawili. Ukiyatoa mafichoni, unazidisha matano. Yaache tu. Mimi nimeshayasoma, yananitosha."

Nice akavuta kompyuta. Akaondoa alama ya asilimia. Kisha akashuka hadi chini, kwenye *shukrani kwa wote walionisaidia kwa namna moja au nyingine*, akafuta maneno matano ya mwisho.

"Hesabu tena," akasema.

Abdiel akahesabu. "Elfu arobaini kamili. Hakuna nafasi hata ya neno moja."

"Kama unalo, liseme kwa mdomo."

"Nitalisema Jumapili baada ya ibada," Abdiel akajibu, "mbele ya baba yako."

Ndani, mama yake Nice akaongeza maji kwenye birika.