Ncha Zilizokunjwa

Ezell Crutcher alirudi nyumbani saa tatu na nusu asubuhi, Alhamisi, kutoka kuchagua jeneza la mkewe, akakuta gitaa lake limeibwa. Dakika kumi baadaye Lavelle Stubbs, fundi magitaa wa Mtaa wa Arobaini na Tatu, alibisha hodi. Alikuwa amekuja kulichukua gitaa hilohilo, kwa sababu swichi yake ilikuwa inakwaruza.

"Umechelewa, Lavelle," Ezell alisema. "Askofu yupo. Mwekundu hayupo."

Wapenzi wote wa muziki upande wa kusini wa Chicago waliyajua magitaa hayo mawili. Askofu lilikuwa nene, lenye uvungu, la kupigia jazi. Mwekundu lilikuwa ubao mtupu, jembamba, rangi imebanduka, la kupigia bluzi. Jumamosi saa tano Odessa angezikwa, na Ezell alikuwa hajaamua ampigie lipi. Mkewe alipenda bluzi. Vidole vya Ezell, vyenye miaka sabini na moja na baridi yabisi, vilimwambia apige jazi polepole, akae.

"Sasa mwizi kaniamulia," alisema, akaketi kati ya mabakuli ya kuku na makaroni yaliyoletwa na majirani. Hakuwa ameonja hata moja.

Lavelle aliukagua mlango. Haukuvunjwa. Ufunguo ulikuwa mahali pake chini ya chungu cha maua.

"Nani wanajua ulipo?"

"Earline. Rodell. Cleophus. Haohao walikuwa hapa jana jioni nilipokupigia simu."

"Walisikia kwamba nitalifungua?"

"Wote."

Lavelle alipiga magoti. Chini ya kigango cha kusimamishia Mwekundu kulikuwa na chembechembe za chuma zinazong'aa, kama mtu amehangaika na skrubu iliyogoma. Kisha akamtazama Askofu, gitaa lenye thamani mara kumi ya lile lililoibwa. Mwizi alikuwa ameliacha, na si kuliacha tu. Alikuwa amelivisha nyuzi mpya.

"Ulibadilisha nyuzi?"

"Mimi? Sijaligusa tangu Odessa alazwe."

Zilikuwa nyuzi nyepesi. Ule wa tatu, ambao wapigaji wa jazi huufunga mnene wenye kuzungushiwa waya, sasa ulikuwa mwembamba mtupu, wa kuvutika kwa kidole kinachouma. Mtu alikuwa amelifanya gitaa la jazi liweze kulia bluzi. Lavelle akasogeza miwani kwenye ncha za nyuzi, akazikagua moja moja.

Earline, binti wa marehemu, alihojiwa jikoni.

"Ulisema hutaki bluzi kanisani, dada."

"Na sitaki! Mama yangu hatazikwa kama yuko kilabuni. Lakini asubuhi nzima nilikuwa na Baba kwa wazikaji. Halafu Kaka Stubbs, mimi ningeiba hilo gitaa kuukuu, lingekuwa ziwani saa hizi."

Rodell, mpwa wa Ezell, alipatikana saa sita karakana ya mabasi, anakula sandwichi.

"Mwekundu? Mjomba amechanganyikiwa na msiba. Niingie nyumba ile nimwache Askofu? Unanionaje, fundi, mjinga?"

"Umeliomba Mwekundu mara ngapi?"

"Mara mia. Kanikatalia mara mia na moja. Waulize hapa, nimeshika usukani tangu saa kumi na mbili."

Lavelle aliuliza. Ilikuwa kweli.

Saa tisa alasiri alirudi. Cleophus Banks, mpiga besi wa Ezell kwa miaka thelathini, alikuwa jikoni akimlazimisha rafiki yake anywe supu.

"Kunywa, mzee mkaidi wewe. Ukianguka Jumamosi mimi sikubebi, mgongo huu si wangu tena."

Lavelle akamweka Askofu mezani. Alikuwa ameutoa uzi mmoja. "Kaka Cleo, nisaidie. Macho yangu yamechoka. Funga huu mpya."

Ulikuwa uzi mwembamba kuliko zote. Cleophus akaupitisha, akapima, akaukunja kwa koleo ukasimama wima, ndipo akakata.

"Kwa nini umeukunja kwanza?" Lavelle aliuliza.

"Usipoukunja, waya wa nje unafum..." Cleophus akaliweka koleo mezani.

"Waya wa besi unafumuka. Huu hauna waya wa nje. Hakuna mpiga gitaa anayeukunja. Nyuzi zote sita za Askofu zimekunjwa kabla ya kukatwa."

Ezell aliweka kijiko chini. "Cleo?"

"Ningelirudisha kesho."

"Ulitaka nini? Mimi si ningekupa!"

Cleophus aliinuka. Alitoka hadi garini, akarudi na Mwekundu. Skrubu moja ya bamba lake, lile linalofunika swichi mgongoni, ilikuwa imelika kichwa.

"Usilifungue, Lavelle," alisema. "Nakuomba. Nimekuwa nikilisafisha mimi siku zote. Swichi sijui kuitengeneza, ndiyo maana akakuita wewe."

"Fungua," Ezell alisema.

Lavelle alitoboa skrubu ile kwa keekee. Chini ya bamba palikuwa na karatasi iliyokunjwa ndogo kama stempu.

"Odessa alikuwa anaweka barua humo," Cleophus alisema, akitazama sakafu. "Zamani. Miaka minne. Mimi nikilisafisha, nazitoa na kuacha zangu. Yakaisha, Ezell. Naapa yaliisha. Ila wiki iliyopita hospitalini, wewe umetoka kunywa kahawa, akaniambia ameacha moja ya mwisho. Nilikuja kuichukua, skrubu ikagoma, muda ukaniishia, nikaondoka nalo."

"Muda ukakuishia," Ezell alirudia. "Lakini wa kufunga nyuzi ulikuwa nao."

"Nilianza na nyuzi. Sikutaka vidole vyako viumie ukimpigia."

Ezell alikuwa akihesabu kitu kichwani. Klabu, barabara, miji, mvua.

"Mimi ndiye niliyekuwa nalibeba," alisema mwishoni. "Nyumbani hadi klabuni, klabuni hadi nyumbani. Nimewabebea barua zenu begani."

Akachukua karatasi. Ilikuwa na mstari mmoja, mwandiko umepinda kwa ugonjwa. Aliusoma kwa sauti, kama anayesoma bili.

"'Cleo, niliolewa na mtu mwema, na kila siku nilijua nimechagua vibaya.'"

Cleophus alifunika uso. Lavelle alianza kukusanya bisibisi zake, akaziacha.

Ezell aliikunja karatasi kwa mikunjo ileile, akairudisha chini ya bamba.

"Funga, Lavelle. Na swichi uitengeneze." Kisha akamsukumia Cleophus gitaa. "Jumamosi utalipiga wewe."

"Ezell, mimi siwezi..."

"Ulikuwa mpiga gitaa kabla bendi haijakosa mtu wa besi. Bluzi ndiyo aliyoitaka, na alitaka mkono wako. Atapata. Mimi nitakaa na Askofu, nikusindikize kwa sauti ya chini, taratibu. Earline akinuna, anune."

"Na baadaye?"

"Udongo ukishamfunika, ondoka nalo. Nisilione tena. Na wewe nisikuone."

Akamvuta Askofu mapajani, akaugusa ule uzi wa tatu, akauvuta kwa kidole kilichovimba. Ulivutika bila kuuma hata kidogo. Hapo ndipo Ezell Crutcher alipolia.