Kitufe cha Baba

Kila asubuhi, kabla jua halijachomoza pale Fukayosi, Adila alikaa kwenye kiti cha mbele cha pikapu na kumngoja baba yake. Nyuma, mananasi yalikuwa yamepangwa hadi juu na kufunikwa kwa majani makavu. Baba yake, Mzee Shuaibu, alikuja akitokea msikitini, akafungua mlango uliolia kama mbuzi, akageuza ufunguo nusu, kisha akaingiza mkono chini ya dashibodi.

Huko chini kulikuwa na kitufe. Kilikuwa kitufe cheupe cha kengele ya mlangoni. Baba alikifunga mwenyewe kwa skrubu baada ya kifaa cha kiwandani kufa. Alikibonyeza kwa kidole gumba bila kukiachia, huku akisoma sura ya Kul-huwallahu taratibu, mara tatu. Adila alisoma pamoja naye. Walipomaliza, Baba aligeuza ufunguo hadi mwisho na injini ikanguruma.

"Gari la dizeli ni kama mzee wakati wa kipupwe," Baba alimwambia siku moja. "Humwamshi kwa kelele. Kwanza unampasha joto. Ndani ya injini mna hita, na kitufe hiki ndicho kinachozipelekea umeme."

"Na kwa nini tunasoma, Baba?"

"Kwa sababu sina saa," Baba alijibu, akacheka. "Na kwa sababu safari ni ya Mungu."

Halafu alimshusha Adila mbele ya shule, akaendelea na safari yake ya Chalinze, ambako wachuuzi walimngojea pale njia panda. Adila alikuwa wa kwanza kufika darasa la sita karibu kila siku.

Kipupwe kilipoanza, Baba aliugua ghafla. Asubuhi alilalamika kuumwa kifua, na kabla ya adhuhuri alikuwa amefariki. Alizikwa siku hiyohiyo.

Siku ya hitima, ua ulipojaa watu, Adila alijifungia ndani ya pikapu. Aliinamisha kichwa kwenye usukani akitafuta harufu ya Baba, lakini alisikia dizeli tu na mananasi. Akapeleka mkono chini ya dashibodi. Kitufe kilikuwa kimelika katikati, mahali hasa kidole cha Baba kilipokuwa kikikaa. Alipoweka kidole chake pale, kilizama kidogo.

Akaenda jikoni kimya kimya, akachukua kisu, akafungua skrubu na kuchomoa nyaya mbili. Hakutaka kuharibu chochote. Alitaka tu kubaki na kitu ambacho Baba alikigusa kila siku. Akakitia kitufe mfukoni, na nyaya zikabaki zikining'inia gizani.

Kaka yake Rajabu aliacha kazi ya mashamba ya chumvi huko Bagamoyo, akarudi nyumbani kushika kazi ya Baba. Asubuhi ya kwanza aligeuza ufunguo. Mishale ya geji ya mafuta na geji ya joto ilishtuka, kisha ikaanguka yote kwa pamoja. Akajaribu kuwasha. Injini ilizunguka, ikatoa moshi mweupe, ikanyamaza. Akajaribu tena na tena mpaka betri ikachoka.

Wanafunzi waliokuwa njiani waliitwa kusukuma. Walisukuma hadi barabarani, wakageuza, wakarudi, huku jasho likiwatoka. Gari lilikohoa tu.

"Adila, gari lenu hili litayeyushwa liwe masufuria!" alisema rafiki yake Kibibi akihema. "Mniwekee moja la kupikia wali."

Wenzake wakacheka. Adila aliushika mfuko wa sketi yake, akakisikia kitufe kwa nje ya kitambaa. Palepale alijua. Alijua kwa nini gari haliwaki. Akauondoa mkono haraka, akarudi kusukuma.

Mama yake, Bi Sikuzani, alikuwa ndani akikaa eda. Hakutoka kwenda barabarani, wala hakuonana na wanaume wasiokuwa maharimu wake. Baba mdogo Ishaka alipokuja kuzungumza naye mambo ya nyumba, alisimama nje ya pazia la mlango. Kwa hiyo Adila ndiye aliyekuwa akienda na kurudi, akimweleza Mama yaliyotokea uani.

"Hebu niambie, mwanangu," Mama alimwuliza siku hiyo. "Umelitazama gari vizuri? Hakuna kitu kilichotoka?"

Adila alitazama mkeka. "Hakuna kitu, Mama."

"Una hakika?"

"Nina hakika."

Mama aliitikia kwa kichwa. Alimwamini, na hilo lilimchoma Adila kuliko kofi.

Baba mdogo alimleta fundi umeme wa magari kutoka Chalinze. Aliitwa Fundi Dadi, mtu mnene mwenye sauti ya kuchekesha.

"Shikamoo, fundi," Adila alimsalimu.

"Marahaba, mwanangu. Mgonjwa wetu amelala wapi?" Mara akakumbuka yuko nyumba ya msiba, akajishika mdomo. "Nisamehe. Namaanisha gari."

Alichaji betri, kisha akaweka fyuzi mpya. Ufunguo ulipogeuzwa, mishale ya geji ikapanda kidogo, pakasikika mlio mdogo, na fyuzi ikaungua. Akaweka nyingine, nayo ikaungua. Alipoinama chini ya dashibodi alikuta nyaya chungu nzima: za redio ya zamani, za taa, nyingine hazikujulikana za nini. Baba alikuwa ameunga waya kila mahali.

"Marehemu alikuwa akiliwashaje gari hili?" fundi aliuliza. "Njia ya kiwandani ya kupasha hita imekatwa zamani. Lazima alikuwa na njia yake."

Rajabu alitikisa kichwa. "Mimi nilikuwa Bagamoyo. Adila ndiye aliyekuwa akipanda naye."

Wote wakamgeukia. Adila alihisi kitufe kimekuwa kizito kama jiwe. Angekitoa, wangekichukua. Na wangejua kwamba gari la Baba limekufa kwa mkono wake, tena kwa kuchukua mali ya marehemu kabla mirathi haijagawiwa.

"Sijui," alisema. "Nilikuwa nasinzia."

Fundi Dadi alifuta mikono. "Basi siwezi kuendelea kuchoma fyuzi. Gari litashika moto. Kubadilisha nyaya zote, na injini yenyewe sijui ikoje... Afadhali liuzwe chuma chakavu."

Jioni Baba mdogo alisimama nje ya pazia, akamweleza shemeji yake. 

"Na mananasi yaliyoko shambani?"

"Yanaoza, shemeji. Wachuuzi wa Chalinze wameshapata mtu mwingine."

"Rajabu je?"

"Atarudi kwenye chumvi. Atafanya nini hapa?"

"Basi uzeni," Mama alisema. Adila, aliyekaa karibu naye, aliona mikono yake ikikunja na kukunjua ncha ya kanga. "Lakini mwenye kununua asilikatie hapa uani. Akalikatie mbali. Nisisikie."

Jumamosi lori la mnunuzi lilifika. Fundi Dadi alikuja nalo ili afungue betri. Vijana wawili walifunga mnyororo mbele ya pikapu, na Rajabu akasimama pembeni, ameushika mlango uliolia kama mbuzi, anaufungua na kuufunga bila sababu. Macho yake yalikuwa mekundu.

Adila alimwona, akashindwa kuvumilia. Alikimbia ndani, akapiga magoti mbele ya Mama, akakiweka kitufe mapajani mwake.

"Mama, mimi ndiye niliyekitoa," alisema. "Ni cha kuwashia gari. Baba alikuwa akikibonyeza. Nilikudanganya, Mama. Nilitaka kubaki nacho tu."

Mama alikitazama bila kuelewa. Kisha akakiokota, akakigeuza, akaona palipolika katikati. Akaweka kidole chake pale. 

"Ni hapa alipokuwa akibonyeza?"

"Ndiyo, Mama."

Mama alikibana kitufe kifuani, akafumba macho. Adila alidhani atapigwa. Badala yake Mama alimshika mkono, akamrudishia kitufe na kuvikunja vidole vyake juu yake.

"Mimi siwezi kutoka," alisema kwa sauti ya chini. "Nenda wewe. Uwaambie kama ulivyoniambia mimi. Usipunguze neno."

Adila alitoka. Lori lilikuwa limeshaanza kuvuta na mnyororo umekaza.

"Simamisheni!" alipiga kelele. "Gari si bovu! Mimi ndiye niliyeking'oa hiki!"

Alisema yote mbele ya wote, hadi uongo wa kusinzia. Baba mdogo alimaka.

"Mtoto wewe! Tumehangaika ukoo mzima, mananasi yameoza, na wewe unacho mfukoni?"

"Subiri kwanza, Bwana Ishaka," Fundi Dadi alisema. "Utamgombeza baadaye. Mwanangu, kilikuwa wapi? Nionyeshe."

Adila alimwonyesha. Fundi alijilaza chali chini ya dashibodi, akavuta nyaya mbili kutoka kwenye lile rundo.

"Ah! Tazameni," aliwaambia. "Waya huu unapata umeme kwenye fyuzi ileile ya geji. Kitufe kilipotoka, ukabaki unagusa bati. Kila tukigeuza ufunguo, fyuzi inaungua, na geji zote zinakufa pamoja. Na hita hazipati umeme, kwa hiyo injini inabaki baridi. Mimi nikaidhania injini imechoka! Kumbe na mimi ningefuata waya mmoja mmoja mpaka mwisho, ningegundua."

Alifunga kitufe mahali pake, akaweka fyuzi mpya. Rajabu akageuza ufunguo nusu. Mshale wa mafuta ukapanda taratibu, ukasimama hapo. 

"Sasa unabonyeza kwa muda gani?" Rajabu aliuliza.

"Unasoma Kul-huwallahu mara tatu," Adila alijibu. "Taratibu. Baba hakuwa na haraka."

Rajabu alibonyeza. Alianza kusoma, sauti ikamkatika katikati. Adila akaendelea mahali alipoishia, na Baba mdogo, aliyekuwa bado amekunja uso, akasoma nao kwa sauti ya chini. Walipomaliza, Rajabu aligeuza ufunguo.

Injini ilizunguka, ikakohoa moshi mweupe, ikasita. Halafu ikanguruma.

Vijana wa lori walianza kufungua mnyororo wakicheka. Fundi Dadi alipiga makofi. Lakini kilio kilisikika kutoka ndani ya nyumba, kilio ambacho hata siku ya mazishi hakikusikika. Adila alikimbia.

Mama alikuwa amesimama nyuma ya pazia, amelishika kwa mikono yote miwili.

"Nilidhani ni yeye," alisema. "Niliposikia ule mlio, nilidhani anaondoka kwenda Chalinze kama kawaida. Nikataka kumwambia asisahau koti."

Adila alimkumbatia kiunoni. Walikaa mkekani, na Mama akafuta uso kwa kanga.

"Nisikilize, mwanangu," alisema. "Kumpenda baba yako si kosa. Kutaka kitu chake, ungeniomba, tungetafuta kofia yake au tasbihi, na ungepewa kwa ridhaa ya wote. Ulikosea pale nilipokuuliza ukaniambia hakuna kitu. Mimi huko nje sina macho ila yako. Nilikubali gari liuzwe kwa sababu ya neno lako. Umeona? Ulificha ukweli kwa sababu una huzuni, lakini huzuni yako haikupungua. Ikawaongezea na wengine."

"Nisamehe, Mama."

"Nimekusamehe. Na kaka yako utamwomba radhi, na baba yako mdogo pia, leo hii. Siku nyingine kikikuuma kitu, kiseme kikiwa bado kidogo. Tutaumia sote, lakini tutakuwa tunajua la kufanya."

Nje, Rajabu alikuwa akilijaza gari mananasi machache yaliyosalimika, na injini bado ilikuwa ikinguruma. Adila aliweka kichwa kwenye mapaja ya Mama, akaanza kulia. Alimlilia Baba kwa sauti, kama mtoto mdogo. Mama alimpapasa mgongo, akamwacha alie, wala hakumwambia anyamaze.