Mtoto Aliyeambiwa Abaki

Pindo hakujua kufunga kamba za viatu. Mama yake alikuwa amemfundisha mpaka akasalimu amri, na kila asubuhi ilikuwa yale yale: mtoto anakaa chini, ananyoosha miguu, anasema, "Mama, nifunge." Kwa hiyo asubuhi ile alipotoka chumbani na viatu vyake miguuni, kamba zimekazwa, vitanzi vimelingana kama vimepimwa kwa tepe, mama yake angesimama pale pale ajiulize. Hakusimama. Alikuwa na begi begani, begi mkononi na hasira kooni, na mtu mwenye mizigo ya namna hiyo haangalii miguu ya mtoto.

Walikuwa wanahama hoteli. Wazo la kuigawa likizo mara mbili lilikuwa la wifi yake, dada wa mumewe, msusi mwenye saluni yake na mwenye kauli ya mwisho katika ukoo ule. "Tuanzie hoteli ya barabarani," alisema, "halafu siku za mwisho tuhamie ile iliyo ndani ya bustani ya michezo, mtoto aamke aone gurudumu dirishani. Shubiri kwanza, asali baadaye. Ukizigeuza, unarudi nyumbani umenuna." Baba Pindo, dereva wa lori, mtu anayeweza kulala hata ameegemea usukani, alisema yeye popote ni kambi. Fundi, yaani mama Pindo, hakubisha. Hilo ndilo jina alilozoea kuitwa, kwa kuwa alishona nguo za mtaa mzima. Wifi hakujaliwa mtoto. Likizo ya Pindo alikuwa ameipanga kwa furaha kiasi kwamba kumkatalia kungekuwa ukatili.

Ile hoteli ya kwanza, basi, ilikuwa shubiri kweli. Zulia lilinuka unyevu, mapazia yalikuwa yamepindwa na fundi asiyemwogopa Mungu, na kabati la chumbani lilikuwa na tabia ya kujifungua lenyewe. Lakini Pindo alilipenda kabati hilo kuliko mchezo wowote. Alijikunyata mbele yake, akinong'ona, akisubiri, akicheka. Mama yake alimwona na akasema moyoni, mtoto wa peke yake huyu, acha aongee na nguo.

Asubuhi ya kuhama, Pindo alijichimbia chini ya kitanda.

"Sitaki kwenda! Nataka hapa!"

"Toka huko, gari linatusubiri."

"Mwenzangu atabaki peke yake!"

Fundi alibembeleza, akavuta mguu, akapigwa teke mkononi. Hapo ndipo alipolisema lile neno ambalo hakuna mzazi ambaye halijamtoka. Alinyanyua mabegi akasema, "Haya, baki! Baki humu humu, sisi tunaenda zetu." Mumewe, aliyekuwa mlangoni, akachangia kwa kicheko: "Kwaheri, Pindo! Utusalimie wenye hoteli!" Na wifi, kutoka kwenye korido, akapaza sauti: "Mwache, tutapata mtoto mwingine wa kupanda naye bembea!"

Ulimi hauna mfupa. Walitembea wakitega sikio wasikie kilio, maana mzazi anaposema baki hataki mtoto abaki, anataka aogope. Hakukuwa na kilio. Walipofika kwenye ngazi, Pindo akawa nyuma yao, ametulia, kamba zimefungwa.

"Umeona?" baba akasema. "Dawa ya moto ni moto."

Kwenye bustani ya michezo Pindo aliwashangaza wote. Mtoto aliyekuwa akililia hata bembea ya shuleni alipanda gurudumu kubwa bila kushika chuma. Alipanda ile treni inayoporomoka kutoka juu, watu wazima wakiita mama zao, naye akakaa mikono mapajani, akitazama mbele. Wifi alipanda naye, akashuka akicheka mpaka machozi, wakapanda tena. Hakuomba maji. Hakuomba kwenda msalani. Jua lilikuwa la kuchoma utosi, lakini Fundi alipomshika mkono, mkono ulikuwa baridi, na ulinuka ile harufu ya nguo iliyokunjwa ikiwa mbichi na kusahauliwa.

"Wifi, huyu mtoto haumwi kweli?"

"Wewe nawe! Akilia unalalamika, akinyamaza unalalamika. Ungezaa jiwe ungeridhika?" Wifi akampangusa mtoto uso ambao haukuwa na jasho, kisha akasema taratibu, "Leo kaniita shangazi kwa namna ambayo hajawahi kuniita. Niache nifaidi."

Fundi akamwacha afaidi. Lakini roho haikutulia.

Hoteli ya pili ilikuwa na shuka nyeupe na sabuni za kunukia, na gurudumu lilionekana dirishani kama ilivyoahidiwa. Jua lilikuwa linaanza kulegea, mume amejilaza, wifi anapanga nguo kabatini, mtoto amekaa ukingoni mwa kitanda, pale simu ya Fundi ilipoita.

"Samahani, mama," ilisema sauti ya mwanamke. "Napiga kutoka mapokezi, hoteli mliyolala jana. Mmemsahau mtoto."

Fundi alicheka. "Mtakuwa mmekosea watu, dada. Wa kwangu ninaye hapa."

"Mama, wafanyakazi wamemkuta chini ya kitanda walipoingia kubadilisha shuka. Anaitwa Pindo. Ngoja nikupe uongee naye."

Ikasikika pumzi ya mtoto, na makamasi yakivutwa, kisha sauti ambayo Fundi angeitambua hata katikati ya soko.

"Mama? Uliniambia nibaki, nikabaki. Lakini sasa nataka kuja. Nimevaa viatu. Njoo unifunge kamba."

Simu ilimponyoka. Mumewe aliiokota, akasikiliza, akaitupa kitandani, na bila kuuliza neno akachukua funguo za gari akatoka viatu mkononi. Wifi alibaki ameshika gauni la mtoto, akiangalia mlango, akimwangalia Fundi, asielewe. Na yule aliyekaa kitandani akageuza shingo pole pole.

"Nani huyo aliyepiga, mama?"

Fundi alijifungia bafuni. Alimpigia mama yake mdogo, ambaye kazi yake ni kutibu watu waliopandwa na majini, kazi ambayo Fundi alikuwa akiifanyia mzaha kwenye kila shughuli ya familia. Leo mzaha ulimwisha. Alinong'ona yote, la kitanda, la kamba, la mkono baridi.

"Huyo hakuvunja mlango," mama mdogo akasema. "Kapewa nafasi. Nani alitamka?"

"Sote watatu, mama mdogo. Kila mtu na lake."

"Basi kila mtu afute lake. Mkae na mwanenu, mbele ya huyo, na kila mmoja alirudishe neno alilolitoa. Na ukisikia anakuuliza kitu, usimjibu. Usimjibu hata salamu, maana ukimjibu umemtambua, na jini akishatambuliwa ni wa hapo. Asiye na nafasi hutafuta ya mtu. Akiipata yake, ya mwenzake haiangalii."

"Na mpaka mume wangu arudi?"

"Kaa. Omba Mungu. Na usimwache peke yake na mtu mwenye njaa."

"Njaa ya nini?" aliuliza, lakini simu ilikuwa imekatika, na mle bafuni ile harufu ya sabuni ya kunukia ilikuwa imeondoka yote, ikaja ile ya unyevu, ya zulia na ya kabati, ikimpanda puani na kooni mpaka akaziba mdomo kwa taulo, na chini ya mlango akaona vivuli vya viatu vidogo vimesimama, vimetulia, na sauti ya mwanawe, ile ile isiyo na kasoro hata ya herufi moja, ikaanza kusema kwa upole kutoka upande wa pili kwamba mama, mbona unajificha, mama, ulimwambia yule abaki akabaki, nafasi ikawa wazi, mimi sikuiba, mimi nimekaa kabatini miaka na miaka nikisikia watoto wa watu wakiitwa twende, twende, na mimi sikuwahi kuambiwa twende na mtu yeyote, kwa nini nisije, mama, kwa nini mimi nisije?

Fundi aliuma taulo asijibu. Alilia, na hakuficha nafsini mwake kwamba sehemu ya machozi yale ilikuwa ya kumwonea huruma. Kisha akasikia wifi akisema nje, "Njoo, mpenzi, njoo ukae na shangazi," na vivuli vikaondoka mlangoni.

Fundi akampigia mumewe simu, akamnong'oneza la kufanya. Giza lilikuwa linaingia baba Pindo aliporudi na mtoto begani, uso umevimba kwa kulia, kamba za viatu zinaning'inia. Pindo alinyoosha kidole kuelekea kwenye kiti, ambako wifi alikuwa amempakata yule mwingine.

"Huyo ndiye mwenzangu wa kabatini," akasema. Hakuogopa. Walioogopa ni wakubwa.

Fundi alipiga magoti, akamfunga mwanawe kamba. Akasema, "Niliposema baki, sikumaanisha, na neno hilo nalifuta. Huyu ndiye Pindo wangu. Nafasi yake ni yake." Sauti ya yule wa pili, aliyekuwa anaita mama, mama, ikakatika kama redio iliyochomolewa. Baba Pindo naye akasema kwamba kwaheri aliyoitoa asubuhi anairudisha. Sura ya yule mtoto ikaanza kufifia, pua na midomo ikachujuka kama kanga iliyofuliwa mno, yakabaki macho.

"Dada," baba Pindo akanong'ona. "Umebaki wewe. Ulisema tutapata mtoto mwingine. Lifute."

Wifi alikuwa anakiangalia kile kilichobaki mapajani mwake, na mkono wake ulikuwa bado unakipapasa mgongo.

"Wifi, tafadhali!"

Hatimaye aliinama, akanena kitu sikioni, maneno machache ambayo hakuna aliyeyasikia. Mtoto akashuka mapajani. Alitembea mpaka mlangoni bila kuacha alama kwenye zulia, mlango ukafunguka, ukafungwa, na harufu ya sabuni ikarudi chumbani.

"Nimesema," wifi akasema, akifuta macho. Wakakumbatiana wote, wakicheka na kulia, na Pindo akaomba maji, akaomba chakula, akaomba kwenda msalani, na kila ombi lilimfurahisha mama yake kama zawadi.

Waliondoka jioni ile ile. Wifi alikataa kwenda nao. "Chumba kimeshalipiwa," alisema, "niacheni nipumzike. Nimechoka." Walimwelewa. Nani asingechoka?

Siku zikapita, Pindo akaendelea kuwa Pindo, mbishi, mwoga wa bembea, mtoto wa kupiga kelele. Fundi hakumwambia tena baki, hata kwa utani, hata akichelewa vipi. Akaanza kusahau. Ndipo wifi alipofika kwenye kibanda chake cha kushonea na kitambaa chini ya kwapa. Alikuwa amependeza. Uso umejaa, kicheko karibu.

"Nataka gauni. Saizi ya Pindo. Mikono iwe mirefu, anaona baridi."

Cherehani ilisimama.

"Wifi. Siku ile ulimwambia nini?"

"Nilimwambia twende." Wifi hakuinamisha macho. "Ninyi mlikuwa mnafuta. Mimi la kwangu lilikuwa kweli tangu nilitamke, nilikuwa nafutaje? Nilimwambia ashuke chini, anisubiri kwenye ngazi."

"Hilo si mtoto, wifi! Hilo ni—"

"Usimwite hilo." Alisema kwa sauti ya chini, yenye maumivu mengi. "Najua ni nini. Hali, halali, hakui. Lakini nikifungua mlango jioni kuna mtu anasema shangazi karudi. Namfundisha kusema mama. Anaelekea kujua. Wewe una wako, umeletewa mlangoni. Nishonee gauni tu."

Fundi angeweza kukataa. Alilikumbuka neno la mama mdogo, kwamba aliyepata nafasi yake, ya mwenzake haiangalii, akamtazama Pindo aliyekuwa akicheza na vipande vya nguo chini ya meza. Akachukua mkasi. Alishona gauni lile kwa uangalifu kuliko nguo yoyote aliyowahi kushona, akiogopa kila mshono, na lilipokamilika akalipeleka mwenyewe mchana kweupe, kusudi aliache mlangoni akimbie.

Wifi alikuwa saluni. Mlango wa nyumba yake ulikuwa umerudishwa tu. Fundi alilitundika gauni kwenye kitasa, akageuka, na nyuma yake mlango ukafunguka kidogo, ikatoka harufu ya nguo mbichi, ukatoka na mkono mdogo ukalichukua gauni kwa adabu, kama mtoto aliyelelewa.

"Shikamoo, mkaza mjomba," ikasema sauti, ikimwita jina ambalo mtoto wa wifi yake, na huyo tu, angestahili kumwita.

Na Fundi, aliyezoea kuamkiwa na watoto wa mtaa mzima, mdomo ukamtangulia akili.

"Marahaba, mwanangu," akaitika.