Mkono wa Kibe

Taifa na lisikilize! Inspekta Mwololo alisimama kando ya Barabara ya Waiyaki, akajivuta mshipi, akatangaza kwamba kesi imekwisha na mhalifu yuko mbaroni. Waliomsikiliza walikuwa konstebo wawili na mama muuza mahindi ya kuchoma, ambaye aliuliza kama atanunua au anafukuza wateja tu.

Nyuma yake, karibu na njia ya Muthangari, lilikuwa limelala gari la Haron Karanja: lori dogo alilolitia vitanda, jiko na tangi la maji ili asafiri na mkewe hadi Bungoma. Gurudumu la nyuma lilikuwa limepasuka. Karanja alikuwa chini ya shuka. Mkewe, Naliaka, alitoka na michubuko.

Mhalifu alikuwa Kibe, fundi wa magurudumu wa mtaa wa Woodley.

"Ulitia upepo kidogo," Mwololo alimwambia kituoni.

"Nilitia kulingana na uzito, afande. Tulilipima mizanini, ekseli kwa ekseli, maji yamejaa, mume na mke ndani."

"Na mifuko minane ya saruji chini ya kitanda?"

"Mizanini haikuwemo."

"Wauaji wote husema haikuwemo."

"Afande, waliponipita baadaye wakianza safari, niliona gurudumu limebonyea. Nikawakimbilia nikipunga mkono. Mzee akanipungia pia, akapiga honi."

Mwololo akafunga daftari lake. Aliyetega gari halikimbilii kulisimamisha. Akalijutia lile tangazo lake, akachukua kofia, akaenda kumwuliza mjane.

Alimkuta Naliaka nyumbani, mtaa wa Jamhuri. Akina mama wa kanisa wakawapisha.

"Pole, mama. Saruji ni ya nani?"

"Yangu, ya kujengea kaburi la mama huko Bungoma."

"Ilipakiwa lini?"

"Tulipotoka mizanini. Haron alikuwa ameishusha kabla ya kupima. Alisema uzito utazidi, kaburi la mama yangu lingoje Desemba nyingine. Limengoja sana, afande. Mvua imelibomoa, mbuzi wa jirani wanashuka ndani. Alipoingia kuoga, nikaita vijana wakairudisha."

"Na fundi alipopunga mkono?"

"Haron alicheka. Akasema, 'Tazama Kibe, anatuaga kama ndugu.'" Akakaza leso kichwani. "Mimi nilijua anatusimamisha. Nilijua na sababu. Nikanyamaza, nikasema moyoni, tufike tu."

Akanyoosha mikono yote miwili.

"Nifunge."

Mwololo alikuwa na pingu, na vifungu vya sheria alivyokariri chuoni, na hakuna hata kimoja kilichomwambia afanye nini na mikono ile. Akaishika tu, kama mtu aliyekuja matanga.

"Nifunge, afande," Naliaka akasihi. "Ndugu za mume wangu wako hapo nje. Wanauliza saruji iko kituo gani cha polisi. Wanataka kumjengea Haron kaburi."