Wimbo Uliotoka Bila Jina

Kibanda cha fundi simu kilitosha mtu mmoja na meza yake. Ukutani zilining'inia chaja, vioo vya simu na betri zilizochoka. Nje kulikuwa na ubao wenye maandishi mekundu: TUNATENGENEZA SIMU. TUNAINGIZA NYIMBO. Watu walimwita Mzee Memori. Hata mkewe, akikasirika, alimwita hivyo hivyo.

Kutengeneza simu alijua, tena sana. Lakini sifa yake ilikuwa nyimbo. Ulimpa memori kadi yako, ukakaa kwenye kigoda, na kabla hujamaliza kupiga soga alikurudishia imejaa. Kompyuta yake ya zamani ilikuwa na nyimbo elfu nne. Hakutunga hata mmoja. Hakumwomba ruhusa mtu yeyote. Yeye aliona anawasaidia watu.

Tena alikuwa na mtindo wake. Kila wimbo ulioingia kwenye kompyuta ile aliufuta jina. Jina la mwimbaji aliling'oa, akaandika jina la kibanda: Memori Kali 1, Memori Kali 2, na kuendelea.

"Mtu akiusikia kwa rafiki yake, atajua wapi pa kuja," alijigamba.

Mteja mmoja tu ndiye aliyemkatalia. Alikuwa mama wa nyumba ya pili, karani katika ofisi ya hakimiliki. Alileta simu iliyopasuka kioo.

"Nikutilie na nyimbo, dada? Bure kabisa!" fundi alisema.

"Asante, fundi. Nyimbo hizo si zako, utanipaje?"

Fundi alicheka mpaka akadondosha bisibisi. Alipoondoka karani, alimwambia mkewe, "Yule mama kazi imemkausha. Hata muziki hapendi!"

Mkewe alikuwa fundi cherehani. Alishonea katika chumba cha nyuma, mlango mmoja na kibanda. Cherehani yake ilikuwa ya kukanyaga, nayo ilianguka siku waliyohama, gurudumu likapinda. Tangu siku hiyo ilichechemea. Iligonga tak-tak-taka, ikanyamaza kidogo, kisha taka, kama mtu aliyesahau jambo akalikumbuka. Fundi simu aliahidi kuinyoosha tangu binti yao yuko darasa la pili. Sasa binti alikuwa na miaka ishirini na miwili. Ahadi ni deni, lakini mdaiwa huyu alilala usingizi mzuri kila siku.

Binti alifanya kazi kwa dobi. Alipiga pasi kutwa, na huku akipiga pasi aliimba. Alikua akisikia cherehani ya mama yake, na mwaka huu aliitungia wimbo. Alirekodi mlio wake kwa simu, akaupeleka studio, na mapigo ya wimbo yakawa ni yale yale ya kuchechemea. Juu yake aliimba:

*Umeshona harusi za watu,*
*gauni lako lina kiraka.*

Mama yake alipousikia mara ya kwanza alijifuta macho kwa kitambaa cha mteja.

Redio ikausikia pia, maana binti aliwatumia kipande. Kulikuwa na kipindi cha Jumamosi cha waimbaji wapya. Walimwalika binti aje auimbe, kisha waupige kwa mara ya kwanza. Sharti lilikuwa moja: wimbo uwe wake mwenyewe.

"Baba, huu hapa," binti alimwambia, akampa nakala. "Sikilizeni wewe na mama tu. Bado haujatoka."

"Mwanangu, mimi kinywa changu ni kufuli!"

Kinywa chake kilikuwa kufuli kweli. Tatizo lilikuwa mikono. Aliusikiliza mara tatu, kifua kikamjaa furaha. Akaja mteja na memori kadi. Fundi akajiambia, mmoja tu. Akaja wa pili. Mikono iliyozoea haina breki. Kwa siku tatu aliutia kwenye kadi arobaini, na kwa mazoea yale yale, alifuta jina la binti yake. Wimbo ukatoka mlangoni ukiitwa Memori Kali 4001.

Jumatano iliyofuata, binti alipigiwa simu akiwa kazini. Aliyepiga alikuwa mtangazaji wa redio.

"Dada, kuna shida. Wimbo wako uko mtandaoni. Ameuweka kijana anayejiita Sauti Tamu. Ameongeza sauti yake kidogo, ameweka picha yake na jina lake. Anasema ni wake."

"Si wake! Nimeutunga mimi!"

"Huenda. Lakini tukikuita, watu watasema tumealika mwizi. Tuletee uthibitisho kabla ya Ijumaa jioni. Bila hivyo, nafasi tutampa mwingine."

Binti alizima pasi, akaomba ruhusa, akaenda moja kwa moja kibandani. Hakuketi.

"Baba, ule wimbo ulimpa nani?"

Fundi alitazama meza. Akachukua bisibisi, akairudisha.

"Nani, baba?"

"Wateja," alisema polepole. "Wachache."

"Wangapi?"

"Arobaini hivi. Mwanangu, nilikuwa najivunia! Nilitaka watu wakusikie!"

"Watanisikiaje na jina langu umelifuta?"

Cherehani ilinyamaza. Mama alitokea mlangoni, futi ya kupimia ikiwa shingoni.

"Mzee Memori," alisema. "Umegawa wimbo wa mtoto kama karatasi za matangazo?"

Fundi aliona aibu, na aibu hiyo ilimstahili.

Wakati huo huo karani wa hakimiliki alifika kuchukua simu yake. Alikuta watu watatu wamenuna na redio imezimwa. Alitaka kugeuka, lakini mama alimshika mkono.

"Dada, kaa. Leo wewe ndiye fundi."

Karani aliketi kwenye kigoda. Walimweleza yote. Alisikiliza bila kumkatiza mtu.

"Kwanza, msikate tamaa," alisema. "Wimbo ni mali. Ni mali kama hili gauni analoshona mama. Ila gauni likiibwa, unakuta kabati tupu. Wimbo ukinakiliwa, wa kwako unabaki pale pale. Ndiyo maana mtu huchelewa kujua kwamba ameibiwa."

"Lakini sikuusajili popote," binti alisema. "Bado ni wangu?"

"Ni wako tangu ulipoutunga na kuuandika au kuurekodi. Katika nchi nyingi sheria ndivyo ilivyo. Kusajili kunakupa ushahidi mzuri, na kesho utakuja ofisini tuusajili. Leo tutafute ushahidi ulionao. Maneno uliyaandika wapi?"

Binti alikimbia ndani, akarudi na daftari. Maneno yalikuwa humo, yamekatwakatwa na kuandikwa upya, hata lile neno "kiraka" lilikuwa limebadilishwa mara nne.

"Vizuri! Mwizi hana daftari lenye makosa," karani alisema. "Anaiba kitu kikiwa tayari."

Kwenye simu ya binti kulikuwa na rekodi sita za mwanzo, kila moja na tarehe yake. Mwenye studio alipopigiwa, aliahidi kuandika barua na kutoa rekodi za kwanza. Karani aliomba kusikia wimbo wenyewe. Uliposikika, aliinua kidole.

"Hicho kinachogonga ni nini? Ngoma gani hiyo?"

Mama alicheka kwa mara ya kwanza siku hiyo. Aliingia chumbani, akaketi, akakanyaga. Tak-tak-taka. Kimya. Taka.

Karani alisimama mlangoni mdomo wazi. "Rekodi video," alimwambia binti. "Sasa hivi! Huyo kijana naye atuoneshe cherehani yake."

Fundi simu ndiye aliyerekodi.

Baadaye karani aliwaonesha sehemu ya malalamiko kwenye mtandao ule wa muziki. Kila kitu kiliandikwa: nani alitunga, lini, na ushahidi ni upi. Barua pepe nyingine ilikwenda redioni pamoja na ile video.

"Na mbele ya safari?" mama aliuliza. "Tufunge wimbo kwenye sanduku?"

"Hapana, wimbo ni wa kusikika. Ila kabla haujatoka, usitume faili kwa mtu, hata ndugu. Mwite aje asikilize. Ndani ya faili andika jina la wimbo, la mtunzi na mahali pa kumpata. Na studio andikianeni mkataba, nani ana haki gani. Ukishautoa, uweke mwenyewe mahali halali, kisha watumie watu anwani ya pale ulipouweka. Wakisikiliza pale, wanajua ni wako."

Sasa fundi aliigeukia kompyuta yake.

"Dada," aliuliza, "na hizi elfu nne?"

"Kila mmoja una mzazi wake, fundi," karani alijibu.

Alichukua simu yake na kwenda zake.

Ijumaa asubuhi mtangazaji alipiga. Alikuwa anacheka. "Dada, hiyo cherehani imetumaliza! Njoo kesho. Na mama aje."

Mchana, wimbo wa Sauti Tamu uliondolewa mtandaoni. Kabla ya jioni kijana mwenyewe alimtumia binti ujumbe. Binti aliusoma kwa sauti kibandani: "Samahani, dada. Niliupata kwenye memori kadi. Haukuwa na jina la mtu. Nilidhani hauna mwenyewe."

Ule ujumbe ulimchoma fundi kuliko maneno ya mkewe. Kijana alikosa, hilo ni kweli. Kitu cha kuokota si chako. Lakini nani alikitupa njiani? Fundi aliketi mbele ya kompyuta, akachagua Memori Kali 1 mpaka Memori Kali 4001. Kisha akafuta zote. Akatoka na kopo la rangi, na kwenye ubao akafuta mstari wa pili.

Wateja wengine walimhama, wakasema Mzee Memori amelogwa. Wengine walibaki, kwa sababu simu hupasuka kila siku. Aliwafundisha kutafuta nyimbo pale watunzi wenyewe walipoziweka.

Jumamosi binti aliimba redioni, na siku hiyo hiyo akauweka wimbo mtandaoni kwa jina lake. Mama hakutaka kuzungumza, akaishia kuzungumza kuliko mtangazaji. Fundi alisikiliza kibandani, na kibanda kilijaa mpaka barabarani. Wimbo ulipokwisha, mtangazaji alisoma majina yaliyokuwa ndani ya faili.

"Mtunzi na mwimbaji ni binti mwenyewe. Mapigo: cherehani ya mama. Na hapa ameandika, mlinzi wa wimbo: baba."

Fundi aliinamisha kichwa, akajifanya anatafuta skrubu sakafuni. Alilia, na hakuna aliyemcheka.

Jioni alichukua nyundo na spana, akaenda chumba cha nyuma. Hatimaye angeinyoosha ile cherehani.

"Ole wako!" mkewe alipiga kelele. "Ukiligusa gurudumu hilo, utahamia kibandani na betri zako!"

Fundi akarudi mbele akicheka. Mteja alikuwa anamngoja, memori kadi mkononi.

"Mzee, nitilie huo wa binti yako. Mmoja tu."

Fundi alisukuma kadi ile, akamrudishia taratibu.

"Huo siwezi kukupa, ndugu yangu. Mimi ni mlinzi wake tu. Lete simu yako nikuoneshe wimbo unakokaa mtandaoni."