Alimshusha Yeye Peke Yake

Asubuhi hiyo masjala ya mahakama ilikuwa imefurika watu. Fundi wa kompyuta alikuja kutengeneza printa ya mapokezi, lakini kabla hajafungua begi lake aliona dada wa meza ya pembeni anaivua hedifoni kwa hasira. Dada alikuwa amevaa sketi ndefu ya bluu iliyomkaa sawasawa, na uso umekunjamana.

"Imekukosea nini, dada?"

"Nasikiliza ushahidi, nachapa kila neno. Mashahidi wengine wananong'ona. Nikipandisha sauti, simu ya ofisi ikilia humu humu ndani ya kompyuta nusura nizimie."

"Unapandisha kompyuta nzima, ndiyo maana." Aliinama, akafungua orodha ambayo dada hakuwahi kuiona: kila programu na mstari wake wa sauti. "Rekodi zako hizi, juu. Simu hii, chini kidogo. Kila mmoja na nafasi yake, hakuna kugombana."

"Na hivi vidirisha vya simu na barua vinavyochomoza na kufunika maandishi yangu?"

"Navizima. Kingine, mheshimiwa?"

Dada akacheka bila kutaka. Tangu siku hiyo Fundi alimwita Masikio, na kwa kuwa wafanyakazi waliacha simu zao getini, alimpigia kwa ile ile ya kwenye kompyuta, kila siku saa sita. Hakuna mwingine aliyekuwa akiitumia.

Yakaenda hivyo miezi minane, wakapendana. Halafu Alhamisi moja Masikio akasikia, tena kwa shemeji yake Fundi, kwamba mpenzi wake anahamishwa kikazi. Mwenyewe hakuwa amemwambia kitu. Saa sita simu ilipolia, hakupokea. Alifungua ile orodha aliyofundishwa, akauvuta mstari wa simu mpaka chini kabisa. Mashahidi wakaendelea kusikika vizuri. Aliyenyamazishwa ni mmoja tu.

Jioni Fundi alimngoja nje ya geti, shati limelowa jasho.

"Niliogopa kukwambia, mpenzi. Kuna vituo viwili. Kimoja kina nyumba za wenye familia, kingine ni kambi ya wanaume peke yao, miaka mitatu. Nataka tuoane twende wote."

"Na mama yangu nimwache na nani?"

"Zungumza na dada yako. Jumatatu saa sita nitakupigia nikuulize rasmi. Saa saba narudisha fomu, gari linaondoka. Usipopokea nitajua ni hapana, wala sitakusumbua."

Ijumaa ilikuwa sikukuu. Jumapili dada mtu akakubali kumchukua mama. Masikio angeweza kumpigia Fundi usiku ule ule, au asubuhi pale getini kabla ya kukabidhi simu. Hakufanya hivyo. Alitaka aulizwe kwanza, asikie swali lenyewe kwa masikio yake, ndipo ajibu. Jumatatu akavaa gauni la maua, akaichomoa hedifoni, akaipandisha sauti ya kompyuta mpaka mwisho. Akakaa anachapa hukumu.

Saa sita ikapita kimya. Saa sita na nusu alikwenda kunywa maji, akarudi mbio. Ilipogonga saa saba akajiambia kwamba mwanaume amebadili mawazo, na yeye si wa kumbembeleza mtu. Akajifanya anapiga chafya ili wenzake wasione anapangusa machozi.

Saa tisa alilifungua dirisha la simu ili amtukane japo kwa maandishi. Akakuta simu tisa za Fundi ambazo hazikupokelewa. Ya kwanza saa sita kamili, ya mwisho saa saba kasoro dakika moja.

Akaenda kwenye orodha. Mstari wa simu ulikuwa chini kabisa, pale pale alipouacha Alhamisi. Ile sauti ya kompyuta nzima aliyoipandisha haikuugusa mstari huo, na vidirisha vya kumwonyesha simu Fundi alishavizima tangu siku ile ya kwanza. Akaurudisha juu, akapiga.

"Masikio." Sauti ilitoka kwenye spika kubwa kama tangazo, na masjala nzima ikanyanyua vichwa. Nyuma yake gari lilinguruma. "Nilikwambia sitakusumbua. Mbona unapiga?"

"Sikukusikia. Alhamisi nilikushusha kwa hasira, nikasahau kukupandisha."

"Ulizima kompyuta?"

"Hapana. Nilikushusha wewe peke yako."

Fundi akacheka kidogo, kicheko kisicho na furaha. "Basi nilikufundisha vizuri."

"Umejaza kituo gani?"

"Kambi. Nimeshasaini, fomu imekwenda."

Wenzake wakajitia kusoma mafaili. Hakujali tena nani anasikia.

"Niulize," akasema. "Ulisema utaniuliza."

"Itasaidia nini sasa?"

"Niulize tu."

"Utakubali nikuoe?"

"Ndiyo. Nilikuwa nimekubali tangu jana. Nitakungoja hiyo miaka mitatu, mpenzi wangu, nakuapia."

Gari likanguruma, likabadili gia.

"Mimi nilishindwa kukungoja zaidi ya saa moja," Fundi akasema. "Kituo cha gari hakiko mbali na geti lenu. Ningetembea dakika kumi nikakuuliza uso kwa uso. Sikutembea. Mtu wa namna hiyo umngoje miaka mitatu kwa lipi?"

Masikio akachomeka tena hedifoni, amsikie yeye peke yake. Hakuna aliyekata simu.