Nikifa, Nani Ashike Nyumba?

Nyumba yangu ipo Temeke, ya udongo na makuti. Nimeijenga mwenyewe. Naishi humo na binti yangu, Somoe. Mama yake, Tabu, amekufa.

Jirani yetu ni Felicitas, mjane, mkunga wa hospitali. Yeye Mnyamwezi, mie Mzaramo. Basi sisi ni watani. Asubuhi moja alinisikia nakohoa barazani.

"Mtani, kikohozi hicho kinaita kaburi! Ukifa, kanzu yako ya Idi naichukua mimi."

"Ichukue. Itakuingia kweli, na mwili huo?"

Alicheka. Kisha akauliza, "Na nyumba je?"

Ndugu hawathubutu kuuliza hivyo. Mtani anathubutu.

"Warithi wawili," nikasema. "Somoe na mdogo wangu Jamali."

"Nani atagawa?"

"Jumbe."

"Jumbe yule yule?"

"Ndiye." Tabu aliacha shamba la minazi. Jumbe alimweka mtu wake kulisimamia. Nazi zikauzwa, kisha shamba likauzwa, na sisi warithi hatukuona kitu. Nilikwenda kulalamika kwa wakubwa. Wakasema njoo kesho. Kesho yao haijafika. Lakini kodi wanaijua njia ya kuja kuidai!

"Chagua wasii ungali hai," alisema Felicitas. "Wasii ni mtu wa kazi. Atakuzika, atalipa madeni yako, atawapa warithi haki zao. Nyumba haiwi yake, wala hawezi kubadilisha mafungu ya sheria."

"Basi awe Jamali."

"Jamali ni mrithi. Atagawa huku anajipakulia? Mume wangu alimchagua wakili, Bwana Fakihi. Ndiyo kazi yake, analipwa."

"Ahaa! Na wewe unapata nini ukimpelekea watu?"

"Napata kupumzika na kikohozi chako."

Sikumwamini. Sikumwamini Jamali pia. Nikaamua kuwatega wote.

Jamali alipokuja nikamwambia, "Ukiwa wasii, chumba cha mbele utajiuzia mwenyewe, kwa bei uitakayo."

Hakuuliza Somoe atalala wapi. Aliinuka, akagonga ukuta. "Kaka, hapa nitatoboa mlango wa duka."

Nikaenda mjini kwa wakili. Amevaa tai na miwani. Nikamchukia kabla hajasema. Nikamtega vile vile.

"Hapana, Mzee Mwishehe," alisema. "Wasii hajiuzii mali anayoisimamia. Ukitaka wasii wa namna hiyo, katafute kwingine."

"Na ukila haki ya binti yangu?"

"Anishitaki. Kila kinachoingia na kutoka nitamwonyesha. Asiporidhika, hakimu ataniuliza. Na ujira wangu tuuandike leo, usije ukanenepa huku wewe uko kaburini. Mtu akikuficha ujira wake, mkatae."

Wakubwa wote niliowaendea, hakuna aliyepata kuniambia kwamba naweza kukataa.

Nikamchagua yeye. Akaandika wosia, akanisomea. Nikamwita Felicitas, naye akanisomea upya, wakili akiwa nje, nisije nikasomewa mengine. Maneno yakawa yale yale. Mashahidi wawili wasiorithi kitu wakatia sahihi. Mie nikatia dole gumba. Nakala moja akabaki nayo wakili, nyingine nikampa Somoe.

Jamali akaja juu. "Kaka, umempa mgeni nyumba yetu!"

"Nyumba yetu? Udongo ulikanda wewe? Fungu lako lipo pale pale, Jamali. Mkono wako tu ndio umetoka."

Aliondoka bila kunywa kahawa. Tangu siku ile hajagonga ukuta wangu.

Kisha nikaenda na Somoe mjini. Nikamwonyesha ofisi ya wakili. Halafu nikampeleka hadi mlango wa mahakama.

"Baba, tumekuja kushitaki?"

"La. Bwana yule hajatuibia bado. Lakini nataka uujue mlango huu, na yeye ajue kwamba unaujua."

Somoe alitazama ndani. Mie mwenyewe, kwa shamba la mama yake, niliishia uani kwa wakubwa. Yeye akapanda ngazi, akamsogelea karani aliyekaa mlangoni.

"Shikamoo. Mtu akitaka kumwuliza wasii wake mbele ya hakimu, anaanzia wapi?"

Karani akamwelekeza chumba. Somoe akaenda mpaka pale, akakiona, akarudi.

"Haya, Baba. Nimeshapajua. Twende nyumbani."